Yaliyomo Mifukoni

Sitaha ya pili iko chini ya mstari wa maji.
Huku hakuna dirisha. Kuna mashine kumi na nne, mvuke,
na saa ya ukutani iliyotangulia dakika sita
tangu Vancouver, wala hakuna anayeisahihisha.
Abiria hulipa wauone mwambao huu kwa macho.
Mimi nimeusoma kwa vidole,
mfuko baada ya mfuko,
kabla nguo hazijaingia majini.

Ketchikan huja imelowa.
Makoti mia mbili yananing'inia, yanatona,
risiti zimegandana kama uji uliolala.
Dodong, mwenzangu wa zamu, mtu wa Cebu,
hunusa kola moja akasema: hapa wamekula samoni.
Magamba yamenata kwenye pindo.
Nayabandua kwa ukucha; yanameta kidogo,
kisha yanakuwa uchafu tu.

Juneau, mji mkuu usiofikiwa na barabara,
hunipa changarawe. Kila mtoto amejaza mfuko
mawe ya chini ya mto wa barafu,
ya kijivu, yasiyo na cha kujivunia.
Mashine haziyapendi. Msimamizi Pritchard ndiye hayapendi zaidi.

Skagway ni vishina vya tiketi za treni
na, mara moja, kichupa: punje tatu ndani ya maji.
Wahenga walituonya, si king'aacho chote ni dhahabu.
Hii ilikuwa dhahabu kweli
na isingetosha kununua soksi.

Kanuni ni hii: kiokotwacho hutiwa bahasha,
bahasha huandikwa namba ya chumba.
Nimeandika bahasha za meno ya bandia, za rozari,
za barua ya bwana mmoja kwa asiye mkewe
(hiyo niliigandisha gundi mara mbili).

Julai, tumetoka Skagway,
koti la sufu, la kike, chumba 7114.
Mfuko wa kulia: vumbi.
Nikadhani ni mchanga wa barafu tena,
nikaukung'utia kiganjani.
Ulikuwa mwepesi mno,
na ndani yake kipande cheupe
kidogo kama chenga ya mchele.

Dodong alizima mashine ya tatu. Hakuna aliyemwambia.

Kwetu mtu huzikwa mzima, jua halijazama,
na wanaume hupokezana jembe.
Sikuwa na dua ya mtu aliyemo mfukoni.
Nikasoma ile niliyokuwa nayo.
Nikachukua brashi ya kola, nikafuata mshono
mpaka mfuko ukawa mtupu
na bahasha ikawa na uzito wa barua fupi.
Nikaandika: 7114. Mfuko wa kulia. Koti halijafuliwa.

Asubuhi koti lilirudi. Bahasha haikurudi.
Mfuko uleule, karatasi, mwandiko wa kutetemeka:
*Sasa lifue. Aliitwa Orville. Alikuwa mtu wa kusikia baridi.
Ardith Haugen.*
Nililifua kwa mkono, maji ya uvuguvugu.

Ketchikan ya tisa nikapewa saa mbili za kushuka.
Mvua ilikuwa ileile niliyoikamua miezi mitatu;
niliijua kwa harufu.
Chini ya daraja samoni walikuwa wakipanda kijito,
mapezi yamechanika, wanajigonga mawe,
wanarudi walikozaliwa wakazae, wakafe.
Mama wa Kitlingit aliyeuza mikate chini ya turubai,
Lorraine, kwa mujibu wa kibandiko chake,
akaniuliza nimetoka wapi.
Melini, nikasema.
Huko si mahali, akasema. Kabla ya meli?
Pangani.
Akalirudia jina polepole, kama ajaribuye kiatu.
Kuna mto?
Upo.
Basi, akasema, akanikatia mkate.

Usiku nikafua nguo zangu, za mwisho kama kawaida.
Ndani ya ngoma kitu kikaanza kugonga,
ko, ko, ko.
Jiwe. Wala sikumbuki nimeliokota wapi.
Dodong akanitazama, mkono juu ya swichi.
Pritchard alikuwa amelala.
Nikatikisa kichwa: liache.